Mvura Nkuvure: Majirani wa Byumba na Tiba ya Kiwewe

Ihahamuka ni neno la Kinyarwanda linalohusishwa na mapafu. Hutumika manusura anapokosa pumzi, akatetemeka na kupiga mayowe kana kwamba wauaji wamerudi mlangoni. Lilienea baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, na kila Aprili, wakati wa maombolezo, husikika tena viwanjani.

Nje ya Rwanda husimuliwa sana kwamba washauri wa saikolojia kutoka Magharibi walifukuzwa nchini kwa kuwafungia watu vyumbani, mbali na jua, ngoma na jamaa. Simulizi hiyo ni tamu, lakini inawanyima Wanyarwanda sifa ya kazi yao. Mwaka 1995 kituo cha taifa cha kiwewe kilifunguliwa Kigali kwa msaada wa UNICEF. Mwaka huohuo wajane wapatao 50 walianzisha AVEGA Agahozo. Jina Agahozo latokana na kumfariji anayelia. Wengi wao walikuwa wamebakwa, baadhi wakaambukizwa virusi vya UKIMWI. Walianza kwa kukaa pamoja na kusikilizana. Daktari wa magonjwa ya akili Naasson Munyandamutsa naye alirudi kutoka Geneva kujenga upya huduma za afya ya akili. 

Kabla ya mauaji hayo palikuwa na matambiko ya kubandwa, yaani ya kupagawa na mizimu, ambayo wamisionari waliyapiga vita, na hospitali ya Ndera iliyopokea wagonjwa tangu miaka ya 1970. Aprili 1994 wagonjwa na watu waliokimbilia humo waliuawa.

Sura yenye uzito zaidi ni ya Byumba, kaskazini, eneo lililopigwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1990. Manusura, wakimbizi waliorejea kutoka Uganda, wafungwa walioachiwa na wake wa waliokuwa bado gerezani kwa tuhuma za mauaji hayo walichota maji kisima kimoja bila kuaminiana. Mwaka 2005 Dayosisi ya Anglikana ya Byumba, ikisaidiwa na Mholanzi Cora Dekker, ilianzisha vikundi vilivyokuja kuitwa mvura nkuvure: niponye, nami nikuponye. Watu 10 hadi 15 hukutana mara moja kwa wiki, kwa muda wa saa 3 hivi, kwa wiki 15, wakiongozwa na wenyeji wawili waliopewa mafunzo.

Vikao hupita hatua 6: usalama, kuaminiana, kujaliana, heshima, kanuni mpya za maisha, na kumbukumbu. Mpangilio huu ndio kiini cha tiba. Mahakama za gacaca, mabaraza ya kijiji yaliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari, zilizoenea nchi nzima mwaka huohuo wa 2005 na kufungwa 2012, zilidai ushuhuda kwanza, mbele ya kijiji kizima, na mashahidi wengi walirudi nyumbani na jeraha bichi. Kikundi huiacha kumbukumbu hadi mwisho, baada ya watu kujua nani atawashika mkono wakianguka. Wapo wanaoviona vikundi hivi kuwa tawi tu la sera ya serikali ya maridhiano. Hoja hiyo haitoshi, kwa sababu hakuna anayelazimishwa kusamehe; hata ugomvi wa mipaka ya shamba na mateso ya mke nyumbani hujadiliwa. Mwanaanthropolojia Annemiek Richters, aliyevifuatilia kwa miaka mingi, anastahili kusikilizwa zaidi: kwake kinachotibiwa ni uhusiano uliovunjika, na nafuu ya moyo hufuata.

Ushahidi wa takwimu upo pia. Utafiti uliochapishwa 2011 uliwalinganisha watu 100 wa vikundi vya Byumba na wengine 100 wasioshiriki. Walioshiriki walipata nafuu kubwa zaidi, na miezi 8 baadaye tofauti ilikuwa bado ipo.

Vikundi vilienea Bugesera na wilaya nyingine, kisha njia hiyo ikarekebishwa kwa wakimbizi wa Kongo walioko Rwanda na Uganda. Havitibu kila kitu, na mahitaji ni makubwa: katika uchunguzi wa kitaifa wa watu 1,000, uliofanyika miaka 14 baada ya mauaji, zaidi ya robo walikuwa na dalili za ugonjwa wa kiwewe. Mwenye kuchanganyikiwa akili au anayetaka kujiua huhitaji muuguzi na dawa, na kiongozi mwema wa kikundi humsindikiza mwenyewe hadi kituo cha afya.