Ngumbaru Ilivyotufundisha Kusoma kwa Kalamu

Mama yangu alijifunza kusoma akiwa na watoto watatu. Asubuhi alikuwa shambani akiamia ndege wasimalize mpunga. Alasiri alijifunga kanga na kwenda ngumbaru, darasa la watu wazima la kusoma na kuandika, chini ya mwembe, hapa Ifakara. Mimi nimefundisha Kiswahili shule ya msingi katika bonde hili la Kilombero, na njia ninayoiamini kuliko zote niliipata kwenye daftari lake.

Mwaka 1967, kati ya Watanzania wazima 100, 67 hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata chama tawala, TANU, kikaazimia ujinga huo wa kutojua kusoma ufutwe ifikapo mwisho wa 1975. Vitabu vya kisomo vilianzia Mwanza, kwenye mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO tangu 1968. Vilizungumzia kazi za watu wenyewe: pamba, migomba, uvuvi. Mwaka 1971 Paulo Freire, mwelimishaji wa Brazil, alifika Dar es Salaam; yeye alipofundisha kusoma alianza na picha, watu wakaijadili, ndipo neno likavunjwa silabi.

Daftari la mama lilifuata mwendo huo. Juu ya ukurasa kuna mchoro: dungu, mpunga, mto. Chini yake sentensi moja tu: "Maji yakijaa tunahama." Kurasa za mbele sentensi zimekuwa mbili, kisha tatu, kisha barua kwa mjomba. Kila alichosoma alikichora au alikiandika kwa maneno yake, na mwalimu akaona papo hapo kama ameelewa.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowafikia watu karibu milioni 2 nchini. Vikundi vilisikiliza redio, vikasoma kijitabu, vikajadiliana, kisha vikaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Katika bonde lenye mbu kama letu, aliyeelewa somo alionekana kwa jembe lake. Mtihani wa taifa wa kisomo wa 1975 ulikuta wasiojua kusoma wamebaki 39 kwa 100. Kufikia 1986 hawakufika 10.

Darasani kwangu nilifanya vivyo hivyo. Niliwasomesha watoto habari fupi: "Kabla maji hayajapungua, Juma alivuka mto." Kisha nikasema: chora Juma anavuka. Wengine walichora mtu akitembea kwa miguu juu ya mchanga. Wote walikuwa wameisoma sentensi bila kukwama, lakini mchoro ulinionyesha kwamba "kabla" na "hayajapungua" yaliwapita. Tukarudi kwenye maneno hayo mawili, wakachora upya, safari hii mtumbwi na maji mengi. Halafu kila mmoja akaandika sentensi moja: kwa nini Juma hakusubiri? Dakika 15 zilitosha, kwa penseli na nusu ukurasa.

Miaka ambayo mtihani wa darasa la saba ulikuwa wa kuchagua herufi, mazoezi haya yalififia katika shule nyingi. Mtoto alijifunza kuwinda jibu kabla ya kuielewa habari. Mtaala wa 2015 wa darasa la kwanza na la pili ulirudisha uzito kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini KKK hizo tatu zisiishie kwenye kutamka silabi vizuri.

Walimu wenzangu wa Ifakara, Mang'ula, Mlimba na kwingineko: kila mkimaliza kusoma habari, wapeni watoto muda wa kuchora tukio moja na kuandika sentensi mbili za kwao. Kisha pitieni michoro hiyo kabla ya kuanza somo linalofuata. Wazazi wetu walijengwa hivyo wakiwa na jembe begani. Watoto wetu, wenye madawati, hawastahili kupewa pungufu.