Kamera ya Kuazima na Nyota za Kusini

Aliyewahi kutoka uani usiku na kamera mkononi anaijua aibu ya picha ya kwanza ya nyota. Mbingu imejaa, unabonyeza kitufe, na unachopata ni weusi mtupu. Ukijitahidi ukaiacha kamera wazi kwa dakika kadhaa, nyota zinatoka kama mikwaruzo. Wengi wetu huishia hapo, tukasema kazi hii ina wenyewe. Leo nataka tuwatazame hao wenyewe walivyoanza, kwani nao walianza kwa kubahatisha na kwa kuazima.

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa mjini Paris mwaka 1839. Mwaka uliofuata John William Draper, mjini New York, alipata picha ya mwezi baada ya kungoja kama dakika 20. Nyota zilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 1850, katika kituo cha kuangalia nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard, William Bond na mpiga picha John Whipple waliinasa Vega, moja ya nyota zinazong'aa kuliko zote, kwa kama sekunde 100. Lakini nyota za daraja la pili kwa mng'ao, ambazo jicho la mtoto huziona bila taabu, hazikuacha hata alama.

Vikwazo vilikuwa viwili. Cha kwanza ni dawa. Picha zilipigwa juu ya mabamba yaliyopakwa dawa yenye kuhisi mwanga, na kwa miaka mingi bamba la kioo lilipaswa kutumika likiwa bado bichi. Likikauka, kazi imekwisha. Cha pili ni dunia yenyewe, ambayo haitulii. Inazunguka nyuzi 15 kila saa, ndiyo maana nyota kwenye picha zako zilitoka kama mikwaruzo. Kikwazo cha kwanza kilianza kuondoka mwaka 1871, pale Richard Maddox wa Uingereza alipoeleza namna ya kutengeneza bamba linalotumika likiwa kavu. Cha pili kilikuwa tayari na dawa yake: darubini inayosukumwa polepole na mashine kama ya saa, ikaifuata nyota inavyokwenda.

Basi vitu vyote viwili vilikuwapo. 

Septemba 1882 ilitokea nyota yenye mkia ambayo wengi hawakuwa wameona mfano wake. Iling'aa hata ikaonekana mchana kweupe kando ya jua. Kule Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, wapiga picha kadhaa waliielekezea kamera zao za kawaida, na picha zikatoka. Habari hizo zilimfikia David Gill, mkuu wa kituo cha kuangalia nyota cha serikali ya Uingereza huko Cape Town.

Gill alikuwa mwana wa mtengeneza saa wa Aberdeen, na mwaka 1869 alikwisha kupiga picha ya mwezi. Lakini kwa kazi hii mpya hakuwa na vifaa vinavyofaa, wala uzoefu wa mabamba makavu. Angeweza kuandika London akaomba chombo na fundi, na kufikia hapo nyota ile ingekuwa imekwisha kwenda zake. Badala yake alikwenda kwa jirani, Bwana Allis wa Mowbray, ambaye riziki yake ilikuwa kupiga picha za watu.

Kamera ya Allis, yenye lenzi ya upana wa sentimita 6 hivi, ilifungwa juu ya darubini ya Gill. Mmoja alijua mabamba na namna ya kusafisha picha, mwingine alijua mbingu. Kati ya Oktoba na Novemba 1882 walipiga picha sita, ya muda mfupi nusu saa, ya muda mrefu dakika 140. Muda wote huo jicho lilikuwa kwenye darubini, kuhakikisha kichwa cha ile nyota hakitoki mahali pake.

Picha zilisafishwa, na nyota yenye mkia ilikuwamo, nzuri kabisa. Lakini Gill alitazama pembeni. Nyuma yake, na hata kupitia mkia wake, palikuwa na nyota ndogondogo tele, kila moja nukta safi. Hakuna aliyekuwa amezikusudia. Mtu mwingine angeziita uchafu wa picha. Gill alijiuliza: ikiwa kamera ya kuazima imeziandika nyota hizi zote kwa saa mbili, kwa nini tuendelee kuzihesabu moja moja kwa jicho na kalamu?

Swali hilo lilikuwa na uzito wake. Nyota za kaskazini zilikwisha kuorodheshwa na Friedrich Argelander huko Bonn, zaidi ya 324,000, lakini mbingu ya kusini ilibaki pengo. Kuanzia 1885 Gill akaanza kuipiga picha yote, kipande kwa kipande. Fedha za msaada kutoka London zilipokatwa, aliendelea kwa fedha zake mwenyewe. Jacobus Kapteyn wa Groningen, Uholanzi, akajitolea kupima mabamba, kazi iliyomla miaka zaidi ya kumi. Orodha ilitoka kati ya 1896 na 1900, ikiwa na nyota 454,875.

Tukumbuke jambo moja. Mbingu hiyo ndiyo tunayoiona sisi tukigeukia kusini, penye Msalaba wa Kusini. Ilipigwa picha Afrika, ikapimwa Ulaya, kwa kuwa huku hapakuwa na watu wa kuipima. Kwa hiyo ni faraja kwamba tangu 2005 darubini kubwa ya Sutherland, Afrika Kusini, inafanya kazi na Waafrika wakiwamo miongoni mwa wenye kuipima mbingu.

Nawe unayeanza, weka kamera mahali pasipotikisika, iache wazi sekunde 10 au 15, kisha usiwe mwepesi wa kufuta picha isiyokupendeza. Itazame kwanza kwenye pembe zake. Gill alitaka nyota moja, na zile asizozitaka ndizo zilizomjengea jina.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.