Kituo cha treni cha binti mmoja: ilikuwaje hasa kule Hokkaido?

Januari 2016 kuna stori ilizunguka mtandaoni mpaka watu wakamwaga machozi. Ilisambazwa na CCTV News, televisheni ya taifa ya China, kupitia Facebook: kwamba Hokkaido, kaskazini kabisa mwa Japan, kuna kituo kinaitwa Kami-Shirataki ambacho kampuni ya reli imekiacha wazi kwa ajili ya abiria mmoja tu, binti wa sekondari, mpaka amalize shule. Treni inamchukua asubuhi, inamrudisha jioni, basi. Watu wakaisifu Japan, wakazisema serikali za kwao.

Stori tamu. Ila ina matobo.

Binti yupo kweli, lakini kituo chake kilikuwa Kyu-Shirataki, kingine kwenye reli ileile ya Sekihoku. Na ndani ya treni hakuwa peke yake, kulikuwa na wanafunzi wengine wanaoenda Engaru kusoma. Kilicho kweli ni kwamba kituo kilikuwa kibanda kidogo cha mbao, hakuna mfanyakazi, hakuna dirisha la tiketi, na asubuhi ilikuwa treni moja tu ya kwenda shule. Ikikupita, imekula kwako.

Sasa hilo jina. Kyu-Shirataki maana yake ni "Shirataki ya zamani". Mwaka 1912 Morihei Ueshiba, yule yule aliyekuja kuanzisha aikido, aliongoza kundi la familia kutoka kusini mwa Japan kwenda kufyeka msitu wa Shirataki na kuanza maisha kwenye baridi kali. Reli ilifika Shirataki 1929, na 1932 ikaunganishwa moja kwa moja na upande wa Asahikawa. Mwaka huohuo Kami-Shirataki ikafunguliwa. Kyu-Shirataki ilikuja baadaye, 1947, kama sehemu tu ya treni kusimama kidogo. Ilipewa hadhi ya kituo kamili tarehe 1 Aprili 1987, siku ambayo shirika la reli la taifa lilivunjwa na kugawanywa kuwa makampuni. Yaani ilipata cheo wakati watu wa kukitumia walishaanza kuisha.

Vijana walihamia mijini, wazee wakabaki, waliobaki wakanunua magari. Mwaka 2005 hata kijiji cha Shirataki chenyewe kilimezwa na mji wa Engaru. Kampuni ya JR Hokkaido ikabaki na reli ndefu, theluji ya kuondoa kila msimu wa baridi, na vituo ambavyo siku nyingi haviingizi mtu.

Kwa hiyo habari ya kufunga haikuanza na huruma. Mpango ulijulikana tangu 2015, na sababu iliyotajwa ilikuwa abiria wachache. Kami-Shirataki, Kyu-Shirataki na Shimo-Shirataki, vyote vitatu, vilifutwa siku moja, 26 Machi 2016. Mbona tarehe ikaangukia binti anapomaliza shule? Kwa sababu Japan mwaka wa shule unaisha Machi, na ratiba mpya za treni nazo huanza Machi. Ndo hapo watu walipounganisha nukta.

Hata hivyo isichukuliwe kuwa ni uongo mtupu wa kuchekwa. Kwa miaka mitatu ya sekondari, ile treni moja ya asubuhi ndiyo ilikuwa shule ya yule binti. Iondoe, na familia inabaki na mambo mawili: mzazi aendeshe gari kila siku kwenye barafu, au mtoto akapange chumba mjini. Wanaobaki vijijini wanaujua uamuzi huo vizuri kuliko sisi tunaobonyeza kopa kwenye simu.

Novemba 2016, miezi michache baada ya machozi ya mtandaoni kukauka, JR Hokkaido ilitangaza kwamba karibu nusu ya reli zake haiwezi tena kuzibeba peke yake, na Sekihoku imo. Hiyo haikusambaa.

Treni bado zinapita pale, ila hazisimami. Kutoka Kamikawa, kituo kinachofuata ni Shirataki, kilomita 37.3 mbele.