Wamonaki Walioanzisha Mazembe

Msomaji wa Uwemba, ambaye tangu utotoni amezoea kuwaona Wabenediktini wakishika jembe, nyundo na kitabu cha sala kwa mikono ile ile, hatastaajabu sana akiambiwa kwamba mojawapo ya klabu mashuhuri kabisa za kandanda barani Afrika, yaani TP Mazembe ya Lubumbashi, iliasisiwa mwaka 1939 na watawa wa kanuni hiyo hiyo. Ila wale walihamia Katanga kutoka Ubelgiji, na hawa wa kwetu, waliotujia kwa njia ya Peramiho, asili yao ni Ujerumani.

Mji huo, ulioitwa Elisabethville zama hizo, ulikuwa mji wa shaba, uliofurika vijana walioacha makwao kutafuta kazi za migodini. Na watawa walioendesha shule ya Saint-Boniface, akina Padri Grégoire Coussement, ambaye jina lake halitengani na mpira wa vijana wa mji ule, waliona heri jioni zao zipite uwanjani, chini ya filimbi, kuliko penye pombe. Timu ikaitwa Saint-Georges, kwa heshima ya msimamizi wa maskauti. Mwaka 1944 ikawa Saint-Paul. Kisha wamisionari walipojitoa katika uongozi, ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi iliyoifadhili. Nadhani kujitoa huko kuliifaa klabu, kwani mapadri walitaka adabu, na wenye mji walitaka pia vikombe.

Baada ya uhuru ikajipa lakabu ya Tout Puissant, yaani Mwenyezi, sifa ambayo katekista yeyote angemwachia Mungu peke yake. Mwaka 1967, katika fainali ya Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana, walitoka sare 1-1 huko Kumasi, wakatoka tena sare 2-2 Kinshasa, na mchezo wa marudio ulipopangwa Yaoundé, Kotoko hawakutokea. Englebert wakakabidhiwa kombe bila mpira kupigwa. Wenye husuda walisema mengi, lakini mwaka 1968 walilitwaa tena, safari hii kwa miguu yao, wakiwashinda Étoile Filante wa Togo.

Sisi Watanzania tuliingia katika historia hiyo mwaka 2015, pale Mbwana Samatta, aliyekuwa katika klabu hiyo, ambayo sasa iliitwa Mazembe, pamoja na Thomas Ulimwengu, alipofunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger, Mazembe wakatwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya tano.