Kutafuta Viuavijasumu vya Ukuta wa Bakteria: Historia ya Mbinu za Maabara na Ushahidi wa Muheza, Mkoa wa Tanga

Katika mwambao wa Tanga, kuanzia Mwera ya Pangani hadi Muheza, homa kali ya mtoto kwa muda mrefu ilichukuliwa kuwa malaria. Utafiti uliofanyika katika hospitali ya Muheza mwaka 2006 hadi 2007 ulitikisa mazoea hayo. Kati ya watoto 3,639 waliolazwa wakiwa na homa, 341 walithibitishwa na maabara kuwa na maambukizi mazito ya bakteria. Kati ya hao 341 walifariki 58, yaani asilimia 17. Miongoni mwa waliosalia, vifo havikufika asilimia 4. Bakteria walioongoza walikuwa Salmonella wasiosababisha homa ya matumbo, na sehemu kubwa ya bakteria waliooteshwa walikuwa sugu kwa dawa zilizopendekezwa, zikiwamo za jamii ya penisilini. Insha hii inajadili chanzo cha usugu huo katika historia ya mbinu za maabara.

Penisilini huzuia bakteria kujenga ukuta wa seli. Hata hivyo, mbinu zilizoitafuta hazikuhitaji kuujua ukuta huo. Mwaka 1940, mjini Oxford, Norman Heatley aliweka dawa ndani ya vibomba vidogo juu ya agari iliyopandwa bakteria, kisha akapima upana wa duara ambamo hawakuota. Kipimo hicho kilionyesha nguvu ya dawa. Namna inavyoua hakikuionyesha. Mwaka huohuo, Abraham na Chain walieleza kimeng'enya cha bakteria kinachoharibu penisilini. Hivyo, usugu ulijulikana kabla dawa hiyo haijaanza kutumika kwa upana.

Mwaka 1949, Park na Johnson waliona viambata fulani vikirundikana ndani ya bakteria waliotiwa penisilini. Baadaye ilibainika kuwa ni malighafi ya ukuta iliyokosa kutumika. Mwaka 1956 Lederberg alionyesha kwamba bakteria hao, wakiwekwa katika mchanganyiko wenye sukari nyingi, hugeuka viduara badala ya kupasuka. Dalili hiyo ikawa chujio la kutafutia dawa za ukuta, na kwa njia hiyo fosfomisini ilipatikana mwaka 1969.

Teiksobaktini, iliyotangazwa mwaka 2015, ilitokana na kuotesha bakteria wa udongoni ndani ya udongo wenyewe. Hushika malighafi ya ukuta, lakini haipenyi utando wa nje wa bakteria wa jamii ya Salmonella. Kwa hiyo, ugunduzi huo haungemfaa mgonjwa wa Salmonella wa Muheza.

Historia hii inadhihirisha kwamba dawa kushinda juu ya sahani ya agari ni nusu ya ushahidi. Nusu ya pili hupatikana kwa kuijaribu dhidi ya bakteria waliotoka katika damu ya wagonjwa wa mahali husika. Bila maabara ya kuotesha damu karibu na mgonjwa, nusu hiyo haipatikani.