Ukwangala: Neno la Chungu cha Kimpumu

Miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe, pombe ya ulezi haikuwa kinywaji cha mtu mmoja. Ulezi ulioota kimea ulisagwa, ukapikwa na kuchachushwa; machicha yake mazito yakatiwa chunguni na kumiminiwa maji ya moto, nao wanywaji wakakizunguka chungu wakinyonya kwa mirija. Ladha ikififia, maji huongezwa. Hiyo ndiyo kimpumu, ambayo hadi leo hunywewa Tukuyu.

Kinachonishughulisha zaidi, wapenzi wa lugha, ni neno lililokaa kando ya chungu hicho: ukwangala. Godfrey na Monica Wilson walilikuta walipofanya utafiti Unyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938, na kitabu cha Monica cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vya marika, Good Company, kimebeba maana ya neno hilo katika jina lake. Wavulana wa miaka 10 hivi waliondoka kwa baba zao, wakajenga vibanda pamoja, wakaja kuoa na kuzeeka katika kijiji kilekile. Kula na kunywa na wenzako wa rika kulikuwa wajibu. Aliyejilia peke yake alishukiwa uchawi. Hekima yenyewe iliaminika kupatikana katika mazungumzo ya walio sawa.

Tulifasirije? Kuzungumza kunakiacha chungu nje. Kujiburudisha mtu aweza peke yake. Kulewa ni tusi tupu. Wanafunzi wangu walisema “kupiga soga”, nami sikuwakosoa sana. Kubarizi kwa watu wa pwani ndiko kunakokaribia zaidi, ila baraza haidai rika, na kinywaji chake ni kahawa.

Wamisionari wa Moravia na wa Berlin walifika mwaka 1891, na Mkristo akatarajiwa kujitenga na chungu. Baadaye pombe ikahamia kilabuni, neno tulilolipata kwa Waingereza, ambako mgeni yeyote mwenye fedha huketi bila kuulizwa rika lake. Chungu kimebaki, kilichopungua ni ukwangala.

Mimi ningeliingiza neno hili katika Kiswahili. Ila tukiandika “kuangala”, msomaji ataona “kuangalia” iliyokosewa. Heri tuandike kwangala, kama tuandikavyo kwenda na kwisha. Katika mizani ni silabi tatu tu.