Paa la asbesto: vumbi lake ndilo la kuogopa

Asbesto ni madini yenye nyuzi nyembamba mno. Zamani yalichanganywa na saruji kutengeneza mabati ya kuezekea na mabomba ya maji. Kenya ilipiga marufuku kujenga kwa asbesto mwaka 2006, lakini mapaa ya kabla ya hapo bado yapo shuleni, kwenye zahanati na katika mitaa ya zamani. Bati lake ni nene, la kijivu, lenye mawimbi, na ukiligonga halilii kama chuma. Kwa macho tu huwezi kuwa na hakika, kwa hiyo paa la aina hiyo lichukulie kuwa ni asbesto.

Akina mama wengi huniuliza kama wahame. Kwa kawaida, hapana. Bati zima lisiloguswa hutoa nyuzi chache sana. Hatari huja linapovunjwa, kukatwa, kutobolewa au kusuguliwa. Hapo nyuzi huruka hewani bila kuonekana wala kunuka, na zikivutwa hukwama mapafuni. Huleta makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, na mesotelioma, yaani saratani ya utando unaozunguka mapafu. Magonjwa haya hujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye, au hata zaidi. Mtoto wako ana miaka hiyo yote mbele yake.

Vipi maji ya mvua ya paa hilo? Hatari iliyothibitishwa ni kuvuta nyuzi, si kuzinywa. Mimi humhofia zaidi anayepanda kulisugua paa kwa brashi ili tangi lipate maji safi. Usikubali hilo lifanyike.

Nguo za kazi nazo zina vumbi. Mwaka 1960 madaktari wa Afrika Kusini waliripoti wagonjwa 33 wa mesotelioma, karibu wote wa eneo la migodi ya asbesto. Baadhi hawakuwahi kuchimba. Waliishi jirani tu wakiwa watoto. Mwaka 1965 utafiti wa London ulikuta wanawake waliougua baada ya kufua nguo za waume zao waliofanya kazi na asbesto. Kama mumeo anabomoa majengo ya zamani, avue nguo na viatu nje na aoge kabla ya kumbeba mtoto. Nguo usizikung'ute, ziloweke mara moja, uzifue peke yake.

Bati likivunjika, waondoe watoto kwanza. Vipande vimwagie maji, usifagie vikiwa vikavu. Leso au barakoa ya kawaida haizuii nyuzi hizi. Usivichome, kwa kuwa hulipuka motoni, wala usivitumie kuzibia banda la kuku. Kung'oa paa zima si kazi ya kibarua wa mtaani: mwambie mwenye nyumba atafute mtu mwenye leseni ya NEMA, na ninyi mkae mbali siku hiyo.

Ukivuta vumbi hilo mara moja, uwezekano wa kuugua ni mdogo, na hakuna dawa ya kusafisha mapafu. Usimpeleke mtoto kupigwa eksirei kwa sababu hiyo tu. Lakini mzee mwenye kikohozi kisichoisha, pumzi fupi au maumivu ya kifua apelekwe kliniki, na amweleze daktari kazi alizofanya ujanani, hata za miaka 30 iliyopita. Anayevuta sigara aache: sigara na asbesto kwa pamoja huongeza sana hatari ya saratani ya mapafu.